Tantine Alikuwa Anasema na Nani

Mwezi uliopita maji yalikatika mtaani kwa binti yangu, na tukaenda kutafuta bidoni za kuchotea maji katika kile chumba kidogo ambamo yeye hutupa kila kitu asichojua pa kukiweka. Alipofungua mlango nilipigwa na harufu ya ndizi zilizofunikwa gunia ili ziive, na chini yake harufu kavu ya makala, yale makaa ya kupikia. Yeye aliingia. Mimi nilibaki nje, mkono ukutani, pumzi nimezishika, nikisikiliza.

"Maman, uko unasikiliza nini?"

"Hakuna," nilimjibu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nasikiliza sauti ya mtu aliyekufa zamani, ambaye nilimtendea ubaya nikiwa na miaka minane au tisa.

Wenzangu mliokulia Kadutu, hapa Bukavu, nyakati za Wabelgiji mtazikumbuka zile nyumba: matofali, sebule ndogo, vyumba viwili, jiko nje, na udongo mwekundu uliopanda ukutani kila mvua iliponyesha. Yetu ilikuwa na kitu kimoja ambacho majirani hawakuwa nacho. Kati ya jiko na ukuta wa nyuma Papa alijenga chumba kisicho na dirisha, akakiita depo. Humo tuliweka makala, majembe, na ndizi.

Papa alikuwa karani katika biro moja ya serikali, mtu wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Miaka ile alikuwa anangojea kadi. Serikali iliwapa kadi hiyo Waafrika wachache iliyowaona wamestaarabika: mke mmoja, nyumba safi, hakuna wizi, hakuna mambo ya uchawi. Mzungu alikuja nyumbani kwetu na daftari. Alifunua vyungu vya Maman, akainama kutazama chini ya kitanda chetu, akaniuliza kwa Kifaransa nilikula nini jana, na nilipojibu akaandika. Sikuona kitu alichokipata chini ya kitanda, lakini aliandika tena. Alipoondoka Papa alitukalisha.

"Kila mutu anatuangalia," alisema. "Wazungu banatuangalia, majirani banatuangalia. Kitu ya ndani ya nyumba inabakia ndani ya nyumba. Munasikia?"

Tulisikia. Mimi nilisikia kuliko wote. Kuanzia siku ile nilijua kwamba kila nyumba ina kitu kilichofichwa chini ya kitanda, na kwamba kazi ya mtu mwenye akili ni kukitafuta.

Ndipo akaja Tantine Veneranda. Alikuwa mdogo wake Maman, akatoka Katana, kule kando ya ziwa, juu ya kamio, lori la kahawa, akiwa na kifurushi kimoja kilichofungwa ndani ya kikwembe. Alikuwa amezaa watoto watatu. Wote watatu walikufa kabla hawajatembea vizuri, na mume wake akamrudisha kwao kama mtu anavyorudisha chungu chenye ufa. Baada ya hapo alifua nguo kwa masista wa hospitali ya huko, mpaka Maman akamwita aje kumsaidia kulea mdogo wangu Skola, aliyekuwa anaanza kusimama kwa kushika viti.

Nilimpenda siku ya kwanza, siku ya pili nikaanza kumwangalia. Alikuwa mtu wa kimya. Aliweza kuchambua maharagi asubuhi nzima bila kusema neno, midomo tu ikicheza. Siku ya Ijumaa hakuwa akila. Maman alimwekea bugali na sombe, majani ya muhogo, naye alisogeza sahani kwangu taratibu: "Kula, Adela, mimi siko na njaa." Na kila siku baada ya chakula cha mchana, Papa akiwa kazini na Maman amelala na Skola, Tantine alivuka ua, akaingia depo, akaufunga mlango kwa ndani. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka hakuwa amebeba makala wala ndizi. Macho yake yalikuwa mekundu na magoti yake meusi kabisa. Aliyaosha kwa maji ya pipa, akitazama huku na huku, kisha akateremsha kikwembe.

Mtasema, mtoto uliyesoma shule ya masista, wewe hukujua mtu anayetoka na magoti machafu alikuwa anafanya nini? Sikujua. Kwangu mimi sala ilikuwa kitu tunachosema wote pamoja, kwa sauti moja, kama vile tulivyoimba hesabu za kuzidisha. Sista alipiga kiganja juu ya meza, sisi tukaanza. Alipiga tena, tukanyamaza. Nyumbani tulisema rozari Papa akiongoza. Maneno yalikuwa yameshatengenezwa na watu wakubwa, na kila mtu aliyajua. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwendea Mungu na maneno yake mwenyewe, tena kati ya magunia.

Kwenye robine, bomba la maji la mtaa, nilikutana na Maman Leonia, jirani yetu, aliyejua kila nyumba inapika nini. Alinisaidia kujitwisha ndoo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mugeni yenu, anakula?"

"Anakula kidogo. Ijumaa hakuli."

"Hakuli kabisa?" Alinitazama. "Mutu mwenye hakuli kwake, anakula fasi ingine. Na batoto yake batatu bote balikufa? Batatu?"

Nilirudi na ndoo kichwani, maji yakinimwagikia shingoni, nikiwaza fasi hiyo, mahali hapo pengine pa kulia, ni wapi.

Kesho yake nilivua viatu, nikavuka ua, nikaweka sikio kwenye mlango wa depo. Mwanzoni nilisikia mnong'ono tu, kama wa mtu anayeongea na jirani juu ya ukuta. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena, kana kwamba katikati mtu alikuwa anamjibu. Nilitega sikio nimsikie huyo mwingine. Hakusikika. Kisha Tantine alipandisha sauti kidogo na nikayapata maneno yote.

"Batatu ulishabeba," alisema. "Bale nilishakuachia. Lakini Skola, hapana. Skola iko mudogo. Kama unataka mutu, niko hapa, beba mimi." Akavuta kamasi. "Na Adela. Adela naye ninakuletea. Umushike. Umushike nguvu, usimuachilie."

Sijui niliufikiaje mlango wa jikoni. Nakumbuka nilikaa karibu na mbabula, jiko letu la makala, nikiutazama mlango wa depo. Mtu alikuwa ndani ya depo yetu, mtu aliyekwisha kula watoto watatu, na Tantine alikuwa amemtajia jina langu.

Msiniulize kwa nini sikumwambia Maman papo hapo. Papa alikuwa amesema kitu cha ndani kinabaki ndani. Nami niliogopa kwamba Maman pia anajua. Mtoto akianza kushuku mtu mmoja, haishii hapo. Nilimtazama Maman akimfunga Skola mgongoni, nikajiuliza kwa nini alimwita dada yake kutoka Katana. Nilikataa chakula kilichopikwa na Tantine, nikisema tumbo linauma. Alinipa maji ya moto yenye tangawizi. Niliyamwaga nyuma ya jiko. Nilibadilisha upande wa kulala ili mgongo wangu uguse ukuta.

Siku mbili hazikupita, Skola akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kawaida kwa mtu asiyejua. Tantine alikisikia kabla yetu sote. Nilimwona akiacha kufua, mikono ikidondosha sabuni, akageuza kichwa. Mchana ule alikaa depo mara mbili zaidi ya siku zote. Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa wa moto kama pasi. Basi nilikwenda moja kwa moja kwa Maman Leonia, nikamwambia yote: magoti, Ijumaa, mlango uliofungwa, "beba", "umushike". Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kabla sufuria yake haijachemka alikuwa ameshaingia kwetu, na nyuma yake wanawake wengine wawili ambao sikuwaambia chochote.

Papa aliporudi kutoka kazini aliwakuta wamesimama uani. Aliwaaga kwa adabu, akafunga mlango, akafunga na pazia. Hata kofia hakuvua.

"Veneranda," alisema, "uko unafanya nini mu depo?"

"Ninaomba, Shemeji."

"Unaomba nani?"

"Mungu."

"Mungu iko ku kanisa. Rozari tunasema hapa, wote. Kitu gani ya muzuri mutu anajifungia juu ya kuisema?"

Papa aliniita, akanisimamisha katikati ya sebule, akaniamuru kurudia nilichosikia. Nilikirudia neno kwa neno. Nilikuwa hodari wa kukariri. Masista walinisifu kwa hilo. Nilipofika "kama unataka mutu", Maman, aliyekuwa amempakata Skola, alimkumbatia na kumgeuza upande wa pili, mbali na dada yake. Nililiona hilo na Tantine aliliona.

"Ulisema vile?" Papa aliuliza.

"Nilisema vile."

"Kwa Mungu?"

"Ni yeye aliwabeba batoto yangu, Shemeji. Nitasemea nani mwingine?"

Leo ninalielewa jibu lile. Siku ile lilisikika kama kufuru, au kama ungamo la mchawi. Papa alikaa kitini, akashika paji la uso. Alikuwa anaiona kadi yake, nadhani; alimwona mzungu na daftari akiandika neno moja tu: uchawi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameishi miaka mingi akiogopa kuonekana.

"Kesho asubuhi utarudi Katana," alisema.

Tantine alifunga vitu vyake ndani ya kikwembe bila machozi. Asubuhi, akiwa mlangoni, alimgeukia Maman. Hakusogea karibu na mtoto.

"Dada, angalia mbavu. Kama unaona mbavu inaingia ndani wakati anapumua, usingojee. Mupeleke kwa munganga ya hospitali siku ile ile. Kikohozi hii ninaijua."

"Anaijua," Papa alisema baadaye, akiwa anavuta mlango. "Sikia vile anasema: anaijua."

Mimi nilitegemea Skola apone, kwa kuwa aliyekuwa anamla ameondoka. Nilikaa karibu naye nikingojea. Mchana moto ulizidi. Papa alileta dawa ya maji ya kikohozi, tukampa kwa kijiko, akaitapika. Siku ya pili baada ya Tantine kuondoka, nilikuwa nampepea nikaona ngozi kati ya mbavu zake ikizama ndani kila alipovuta pumzi, kama kitambaa kinachonyonywa. Nilitazama muda mrefu. Ikiwa Tantine alikuwa mchawi, kwa nini alituambia dalili? Na ikiwa hakuwa mchawi, mimi nilikuwa nani?

"Maman," niliita, "mbavu inaingia."

Maman alikuja, akaona, akavaa kikwembe cha kutoka. Papa alisimama mbele yake.

"Unaenda wapi?"

"Katana."

"Kwa ule mwanamuke?"

"Kwa mutu mwenye anajua hii kikohozi. Wewe ungojee kadi yako." Sikuwahi kumsikia akimjibu hivyo, na sikumsikia tena.

Papa aliondoka mbele ya mlango, akaenda mwenyewe barabarani kutusimamishia kamio. Tulisafiri juu ya magunia, mimi nikishika kifurushi cha nguo za mtoto, ziwa likitokea na kupotea upande wa kulia, na pumzi ya Skola ikisikika hata juu ya injini. Maman alikuwa anasema "Salamu Maria" mfululizo. Mimi nilifungua mdomo nimfuate, maneno yakakataa kutoka. Niliona kama nayasema ili nionekane.

Hospitalini Tantine alitukuta kwenye veranda, bado amevaa aproni ya kufulia. Hakuuliza kitu. Alimpokea Skola kutoka mikononi mwa Maman, na safari hii Maman alimwachia. Sista alimsikiliza kifua, akasema neno kwa Kifaransa, na sindano zikaanza. Tuliambiwa tungoje. Tulingoja siku hiyo na siku mbili nyingine, tukilala kwenye mkeka kati ya vitanda.

Siku ya tatu mchana nilimtafuta Tantine, nikamkuta nyuma ya nyumba ya kufulia, amepiga magoti kwenye majani kati ya mashuka yaliyoanikwa. Nilisimama. Sikujificha, lakini sikusogea pia. Bado nilikuwa namshuku kidogo, ni lazima niseme ukweli. Nilitazama kama kuna mtu mbele yake. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na shuka jeupe likipeperuka.

"Kuja, Adela," alisema bila kugeuka.

"Ulijua aje ni mimi?"

"Ninajua miguu yako. Kule Bukavu nilikuwa ninaisikia kila siku, mbele ya mulango ya depo."

Kila siku haikuwa kweli; nilisikiliza mara moja tu, ingawa nilizunguka karibu mara nyingi. Lakini nilipigwa na aibu.

"Sasa juu ya nini haukunifukuza?"

"Nilizania unatafuta kuingia. Nilizania mutoto iko na kitu ya kumwambia Mungu, anaona haya. Nikasema, nitamuacha, siku moja atapiga hodi." Alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Ni juu ya ile nilikuwa ninamwambia akushike. Uko mutoto wa kuogopa sana. Uko unaogopa kila mutu."

Nilikaa chini, kwenye majani yaliyolowa maji ya mashuka. Nilimwuliza swali lililokuwa linanisumbua: yule aliyekuwa anaongea naye, je, alijibu?

"Si kama vile mutu anajibu."

"Sasa unajua aje iko pale?"

"Siku batoto bangu walikufa, sikujua. Nilimutukana mwaka muzima. Kila mchana ninajifungia, ninamutukana." Alivunja jani, akalizungusha kidoleni. "Siku moja nikaona matusi imekwisha, na mimi bado niko nakuja. Nikajiuliza, ninakuja kwa nani?"

Jibu lile halikuniridhisha. Nilikuwa nataka ishara, kitu cha kuonyesha. Nimelitafuna miaka yote hii, na bado sijapata lililo zuri zaidi.

Jioni ya siku hiyo Skola aliomba maji. Asubuhi alililia bugali. Sista alimgonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza, akatabasamu. Mdogo wangu huyo alikuja kuwa mama wa watoto saba na sauti kubwa kuliko ya kasisi, lakini hayo ni ya baadaye.

Jumapili Papa alifika, viatu vimejaa vumbi la safari. Alisimama mbele ya Tantine, akavua kofia. Nilitegemea atasema maneno marefu; alikuwa mtu wa maneno marefu. Alisema tu, "Veneranda, urudie nyumbani." Yeye alimshukuru, akakataa. Alisema kazi yake iko pale, na mashuka hayajifui. Alibaki Katana mpaka mwisho wa maisha yake. Kadi ya Papa haikufika kamwe. Nchi ilibadilika kabla, na yule mzungu akaondoka na daftari lake bila sisi kujua aliandika nini.

Lakini ninachotaka kuwaachia ni muda mfupi wa mchana ule wa Jumapili, kabla hatujapanda kamio ya kurudi. Nilimfuata Tantine hadi kwenye kamba za nguo. Sikusema ninataka nini. Alipiga magoti, nami nikapiga magoti pembeni yake, mashuka yametuzunguka pande zote kama chumba.

"Niseme gani?" niliuliza. "Baba Yetu?"

"Ile nayo ni muzuri. Lakini kwanza sema ile iko ndani ya roho yako."

"Na kama anaiandika?"

"Acha aandike."

Nilifunga macho, nikayafungua, nikatazama nyuma. Nilihakikisha hakuna miguu chini ya mashuka. Niliogopa kuliko siku ile mlangoni, kwa sababu safari hii anayesikilizwa nilikuwa mimi. Nilitafuta maneno mazuri, ya kanisani, na yote yalikuwa ya watu wengine. Mwishowe yakatoka haya, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua:

"Mungu, ni mimi nilimusema Tantine. Nilijua batamufukuza. Nilisema tu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote sehemu ile ya pili, ya kujua. Nilingoja. Upepo ulitoka ziwani, mashuka yakavimba, yakalala. Hakuna kilichotokea. Niligeuza kichwa nimtazame Tantine, nikiwa na hofu ya uso nitakaoukuta, naye alikuwa bado amefumba macho, machozi yanateremka, mkono wake umetafuta wangu kwenye majani.

"Endelea," alisema. "Iko anasikiliza."